Ukuta Usio na Saruji: Mafunzo Niliyopata Nikiichora Thimlich Ohinga kwa Kompyuta

Thimlich Ohinga iko katika kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wenyewe wa Migori. Ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe ambayo huenda yalijengwa katika karne ya 16, na kuta hizo zimesimama bila chokaa, bila udongo, bila saruji. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene kati ya mita 1 na 3. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo UNESCO iliutambua pia ufundi wenyewe wa kujenga kwa mawe matupu kuwa urithi usioshikika, lakini kwa jina la nchi nane za Ulaya: Kroatia, Kuprosi, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Slovenia, Hispania na Uswisi. Mambo haya mawili nayaweka pamoja kila ninapoulizwa kwa nini msanii wa kompyuta anahangaika na mawe ya wazee. Kwetu limetambuliwa boma. Kwao umetambuliwa mkono wa fundi. Nami nimekuwa nikiutafuta mkono huo ndani ya boma, jiwe kwa jiwe, kwa kamera na kwa programu za kuchora umbo. Nimejifunza haya.

1. Jiwe lina uzito kabla ya kuwa na rangi

Njia ya mkato ya kuchora ukuta wa mawe kwa kompyuta ni kusimamisha ubao mtupu na kuuvika picha. Michezo ya video imejaa kuta za namna hiyo, na jicho huziamini. Jaribu kuchomoa jiwe moja: halichomoki, maana hakuna jiwe, kuna picha tu.

Ukuta wa Thimlich haukubali kutendewa hivyo. Kinachoushikilia ni uzito wa mawe na msuguano kati ya uso wa jiwe na uso wa jirani yake, basi. Wajenzi waliuinua kwa tabaka tatu. Tabaka la nje na la ndani ni la mawe yasiyochongwa, yaliyochaguliwa na kupangwa kwa makini. Katikati kuna mawe madogo ya kujaza, yanayozifunga nyuso hizo mbili ziwe ukuta mmoja. Pamoja na hayo waliuimarisha kwa mihimili ya mawe iliyoegemezwa ubavuni, na kwa mwendo wa ukuta wenyewe, ambao hauendi mstari ulionyooka bali hupinda na kurudi.

Kwa hiyo niliunda kila jiwe peke yake katika Blender, programu ya bure, nikalipa uzito na msuguano wake, kisha nikaiachia nguvu ya uvutano ifanye kazi. Kipande kifupi cha ukuta kilipoporomoka kwenye skrini, kiliporomoka kwa sababu inayoonekana: nyufa za wima zilikuwa zimefuatana kutoka safu hadi safu, jiwe la juu halikuukalia mwungano wa mawe mawili ya chini. Mwashi yeyote anayejenga kwa mawe ya kuchonga hapa Kisumu angekuonyesha sehemu hiyo kwa kidole kabla hujamaliza kuuliza. Lakini kuna lingine ambalo kompyuta ilinionyesha polepole zaidi. Mawe yaliyolazwa urefu wake ukiingia ndani ya ukuta, ambayo kwa nje hujitokeza kama kichwa kidogo tu, ndiyo yaliyokuwa yakibeba kazi kubwa. Nilirudi Thimlich nikayatafuta. Yapo, ukijua unachotafuta, na kwa mtalii anayepita yanafanana kabisa na mawe madogo ya kuzibia.

2. Uwazi kati ya mawe nao ni jengo

Hili ndilo ningependa kila mwenye kamera alifahamu kabla hajaanza.

Fotogrametria ni hesabu ya subira. Unapiga picha nyingi zinazopandana, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia. Programu hutafuta alama zilezile katika picha tofauti, hukokotoa kila picha ilipigwa kutoka wapi, na mwishowe hukupa umbo la ukuta katika pande zake tatu. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, kwa sababu kivuli kikali husomwa kama rangi ya jiwe na ni vigumu kukifuta baadaye. Nyasi zinazotikiswa na upepo huivuruga hesabu. Kipimo kinachojulikana, hata rula ndefu iliyosimamishwa kando ya ukuta, lazima kionekane katika picha, la sivyo utapata umbo sahihi lisilo na ukubwa.

Baada ya kazi yote hiyo, programu hukuta mashimo: zile nafasi nyeusi kati ya jiwe na jiwe ambako kamera haikuona kitu. Hukuuliza kama iyazibe. Kwa sanamu au kwa jumba la Lamu, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa na kupigwa lipu laini, kuziba kuna maana. Kwa ukuta wa mawe matupu, kuziba ni kuumwagia saruji. Nafasi zile ndizo zinazoruhusu maji ya mvua kupenya na kutoka badala ya kukusanyika na kuusukuma ukuta. Ndizo zinazoupa ukuta nafasi ya kutulia: jiwe likihama kidogo, jirani zake huhama nalo na uzito hupata njia nyingine. Ndimo mijusi wanamoishi, na ndimo mizizi ya miti hupata upenyo wa kuingilia, jambo ambalo walinzi wa mahali pale hupambana nalo kila msimu.

Nafasi hizi pia ndiyo sahihi ya Thimlich. Great Zimbabwe nako kumejengwa bila mota, lakini matale ya kule yametengenezwa kuwa vipande vinavyokaribiana ukubwa, hivyo uwazi kati yake ni mistari myembamba iliyotulia. Thimlich walitumia mawe kama yalivyookotwa. Kila uwazi una umbo lake, na kila umbo linakuambia jiwe lipi lilikuja kwanza na lipi lilitafutwa baadaye ili liingie pale. Sasa ninachora uwazi kama kitu chenyewe. Katika kazi moja niliondoa mawe yote nikaacha nafasi tu zikielea gizani, zikiwa zimewashwa taa, na watu waliolijua boma lile walilitambua mara moja.

3. Ndani ya ukuta, kamera haina habari

Kamera huona uso. Tabaka la katikati, lile la mawe madogo, halionekani ila pale ukuta ulipobomoka. Hata skana za leza, kama zile ambazo Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umezitumia Kilwa na Great Zimbabwe, husoma uso, ingawa kwa usahihi wa kushangaza. Nimeamua kuacha kiini cha kuta zangu kiwe giza tupu isipokuwa mahali ambapo ubomokaji umenionyesha kilichomo.

4. Mtazamaji lazima ainame

Malango ya Thimlich ni mafupi na membamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wa ukuta. Aliyetaka kuingia aliinama. Aliyeinama alitanguliza kichwa, na aliyekuwa ndani alimwona kabla yeye hajaona kitu. Karibu na lango palikuwa na mahali palipoinuka pa kukaa mlinzi. Ulinzi wote wa boma, dhidi ya watu na dhidi ya wanyama wakali, umefungwa katika tendo hilo moja la mwili.

Kwenye skrini ya kawaida tendo hilo hupotea. Kidole kinasukuma kipanya na jicho linateleza kupita langoni, mgongo ukiwa umeegemea kiti. Ndiyo maana nilihamia kwenye miwani ya uhalisia pepe, licha ya bei yake: miwani hufuata kichwa cha anayeivaa, na mimi nimeliacha lango katika kimo chake halisi. Ukija wima, unagonga giza. Lazima ukunje magoti hasa, katika chumba halisi, mbele ya watu wanaokutazama. Nimeona waheshimiwa wenye suti wakifanya hivyo. Wakishaingia na kunyooka, husimama kimya kwanza, wakiwa wamezungukwa na ukuta pande zote, kisha ndipo huanza kuuliza maswali, na maswali yao huwa bora kuliko ya waliotazama kwenye skrini. Huuliza lango lilikuwa likifungwa na nini usiku. Huuliza mtoto alikuwa analala wapi.

Nimeshauriwa na wenzangu niongeze kitufe cha kuruka ukuta, ili asiyetaka kuinama apite. Kwa mtu asiyeweza kuinama, kwa mgonjwa au mlemavu, nimeweka njia. Kwa wengine nimekataa, na nitaendelea kukataa.

5. “Ng'ombe wako wapi?”

Nilipokuwa na umbo la kwanza lililokamilika la Kochieng, boma kubwa kuliko yote pale (mengine makuu ni Kakuku, Koketch na Koluoch), nilimpelekea mzee mmoja anayeishi jirani na eneo hilo. Alitazama kwa utulivu kompyuta ikizungusha kuta katika mwanga mzuri wa jioni.

“Nyathina,” akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, “hapa ni pasafi mno. Ng'ombe wako wapi?”

“Jaduong',” nikamjibu, yaani mzee, “nilikuwa naonyesha ujenzi.”

“Ujenzi wa nini, sasa? Mtu hajengi ukuta huu wote kwa ajili ya kulala yeye tu.”

Akaanza kunieleza, akiwa na fimbo yake, akichora chini: ndama hawalali na ng'ombe wakubwa, moshi huwashwa wapi ili mbu na nzi wasisumbue mifugo, samadi hurundikwa upande gani kulingana na mteremko. Hakuwa anadai kuwa aliyaona hayo Thimlich, maana maboma yale yalikwisha kuhamwa kabla ya wakati wake. Alikuwa anaeleza jinsi mfugaji anavyofikiri.

Mazungumzo hayo yaliigeuza kazi yangu yote. Wataalamu wameshaeleza kwamba maboma haya ni ya jamii za wafugaji wa bonde la Ziwa Viktoria, kwamba watu wa asili mbalimbali, Wabantu na Waniloti, waliyakalia kwa zamu na kuyakarabati, na kwamba utamaduni wa kujenga hivyo uliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Nilikuwa nimeyasoma. Lakini picha nyingi za kidijitali za majengo ya kale, Afrika na kwingineko, huonyesha magofu yaliyopigwa deki: hakuna kinyesi, hakuna moshi, hakuna mtu. Utadhani mawe yalijengewa mawe. Nikaanza kujenga upya kwa sauti. Niliweka kengele za ng'ombe, kikohozi, jiwe la kusagia (mawe ya kusagia yapo pale hadi leo), na nje ya ukuta mlio wa nyundo, kwa sababu kuna mabaki ya mahali palipofuliwa chuma. Sauti ikipita katikati ya mawe yenye uwazi huwa tofauti na sauti iliyozuiwa na ukuta mzima. Hilo nalo kompyuta inaweza kulikokotoa, na msikilizaji hulihisi hata kama hawezi kulieleza.

Ng'ombe wenyewe niliwachora mwisho. Jaduong' alikagua pembe zao kwa muda mrefu kuliko alivyokagua ukuta.

6. Kubuni kunaruhusiwa, lakini kuonekane

Mimi ni msanii, si mwanaakiolojia. Nina haki ya kuliwazia boma la Thimlich likiwa limejaa maji ya ziwa, au mawe yake yakipaa na kujipanga upya kuwa mji wa mwaka 2300. Nimefanya yote mawili na ningefanya tena. Ninachojizuia ni kuchanganya ndoto hiyo na kipimo bila kumwambia mtazamaji.

Wataalamu wa fani hii walikwisha kukubaliana juu ya jambo hilo katika Mkataba wa London, uliotolewa mwaka 2006 na kuboreshwa mwaka 2009, unaohusu uchoraji wa urithi wa utamaduni kwa kompyuta. Unamtaka mchoraji aonyeshe wazi ni kipi kinatokana na ushahidi na kipi ni makisio, na aweke kumbukumbu ya maamuzi aliyoyafanya njiani. Kwangu mimi kanuni hiyo imekuwa chemchemi ya mtindo. Mawe yaliyopimwa nayachora kwa rangi yake kamili. Nyumba za ndani, ambazo zimebakiza alama ardhini tu, nazichora kwa mistari ya mkaa inayotikisika, kuta zake zikijitokeza na kufifia. Mpangilio wa nyumba ninaoujua vizuri ni wa boma la Kiluo: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ikitazamana na lango, na simba, vibanda vya wavulana, karibu na lango lenyewe. Lakini siwezi kusema kwamba kila aliyekaa Thimlich alipanga hivyo, kwa kuwa hawakuwa watu wa jamii moja. Basi mistari ya mkaa inahama. Mtazamaji akikaa muda wa kutosha, huona boma lilelile likipangwa kwa namna nyingine.

7. Mashine nayo huanza kwa kuokota

Mwaka 2023 watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, walichapisha kazi iliyonisisimua kuliko filamu yoyote. Walichukua eskaveta isiyo na dereva, iitwayo HEAP, wakaiwezesha kuokota mwamba, kuusoma kwa skana, kukisia uzito wake na kitovu cha uzito huo, kisha algoriti ikautafutia mahali panapoufaa katika ukuta unaoendelea kujengwa. Huko Oberglatt, karibu na mji wa Zürich, ulisimama ukuta wenye kimo cha mita 6 na urefu wa mita 65, wa mawe matupu.

Nimeisoma kazi hiyo kwa mapenzi. Haidai kwamba mawe yachongwe yalingane. Inayapokea yalivyo, kama walivyofanya wajenzi wa Thimlich. Nami nikaigeuza. Nilichukua mawe ya kipande kimoja cha ukuta niliokwisha kuupima, nikayatenganisha, nikayamwaga kwenye skrini kubwa yawe lundo. Anayekuja kuitazama kazi huchagua jiwe, huligeuza, hulipanga, na uvutano haumhurumii. Kompyuta haimwonyeshi jibu. Watoto huanza na mawe makubwa na kuyamaliza. Baada ya kuangusha mara kadhaa huanza kuyazunguka mawe madogo kwa macho kabla ya kuyagusa. Wakati huo huwa sina haja ya kueleza chochote kuhusu tabaka la katikati.

8. Faili iwe nyepesi

Umbo lenye mamilioni ya poligoni linapendeza kwenye maonyesho ya Nairobi. Anayeishi kando ya boma ana simu ya bei nafuu na bando la siku moja. Toleo jepesi, linalofunguka kwenye simu hiyo bila intaneti, nalitengeneza kwanza, sio mwisho. Kibali cha kupiga picha hutolewa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na droni ina sheria zake. Lakini kibali cha ofisini hakiondoi deni la kurudisha picha kwa majirani.

9. Ziko kuta ambazo hazina lango la tiketi

Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote. Katika eneo la Ziwa Viktoria wataalamu wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe, yaliyotapakaa mahali zaidi ya 130. Mengi yako ndani ya mashamba ya watu. Mwenye shamba anahitaji mawe ya msingi wa nyumba, na mawe yako pale, yameshakusanywa. Sina ubavu wa kumlaumu. Lakini kila jiwe likiondoka, uamuzi wa mtu fulani wa kuliweka pale huondoka nalo, na hakuna mchoro unaoweza kuurejesha kama haukupimwa.

Huko ndiko ninakoelekeza kazi yangu sasa, na ndiko ningemwomba kijana yeyote mwenye simu inayopiga picha nzuri aelekee. Usingoje skana. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, ukae naye kwanza. Nenda kabla ya mvua za masika, nyasi zikiwa fupi. Weka rula kwenye picha. Zunguka ukuta polepole nje na ndani, karibu na mbali, kila picha ikila sehemu ya ile iliyotangulia, halafu zikague picha usiku huohuo kuhakikisha hakuna pembe uliyoiruka, ungali karibu. Andika wenyeji wanapaitaje kila mahali: lango, zizi, jiwe la kukalia. Piga picha hata palipobomoka, hasa palipobomoka, kwa kuwa hapo ndipo tumbo la ukuta linapoonekana. Na uhifadhi nakala mbili, moja ibaki kwa mwenye shamba.